Gugu maji la Mwanza: Rwanda wamelaumiwa vya kutosha

Kisiwa cha gugu maji kikija kuegemea mwaloni, hakosi mtu wa kusema, "Hilo ni la Kagera, limetoka Rwanda." Anasema kweli, ila nusu.

Rwanda haina bahari, ila maji inayo. Mgongo wa milima umeikata: mvua ya upande wa magharibi huishia Ziwa Kivu, ikashuka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika. Ya mashariki, ambako ndiko sehemu kubwa ya nchi, huishia Nyabarongo. Mto huu huzaliwa pale Mbirurume na Mwogo inapokutana, hupanda kaskazini, hupokea Mukungwa, kisha hugeukia kusini-mashariki na kupita kando ya Kigali. Ukishapokea Akanyaru na kufika karibu na Ziwa Rweru, jina hubadilika na kuwa Akagera, ndio Mto Kagera wetu. Juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo unaungana na Ruvubu kutoka Burundi. Madereva wa malori wanaovuka daraja pale wakati wa masika wanaijua rangi yake: chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba ya vilimani. Maji hayohayo huzungusha mitambo mitatu ya umeme, jumla megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana.

Baada ya Rusumo mto hupoa. Hupita katikati ya mafunjo na maziwa madogo kama Ihema, hukata kona Kagitumba, hupita Kyaka na kuingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka wetu. Mafunjo hushika tope na kuchelewesha mafuriko. Yakifyekwa ili kulimwa, tope hushuka moja kwa moja.

Kagera ni mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, lakini haulijazi. Kama asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mwaka 2020 nyumba za mwambaoni zilipoingiliwa na maji, sababu kubwa ilikuwa mvua hiyo.

Sasa gugu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980; Kagera ulikuwa mlango wake mkubwa. Lakini mlango si chakula. Linalonenepa Ghuba ya Mwanza linalishwa na maji ya vyoo, mbolea na uchafu unaoshushwa na mito kama Mirongo, unaokatiza katikati ya mji. Hapo Mnyarwanda hahusiki.

Kung'oa kwenyewe ndiko watu wanakoharibu. Wanaingia na mapanga, wanakatakata ndani ya maji. Mimea hii imeunganishwa kwa vikonyo virefu vinavyotambaa, na kila kipande chenye kichipukizi kikiachwa kinaelea huwa mmea mpya. Vuta shada zima kwa reki au uma, anzia ukingo wa nje ukielekea nchi kavu, na tandaza wavu nyuma yako unase yanayoponyoka. Fanya kabla ya maua ya zambarau kufunguka, kwa sababu mbegu hukaa kwenye tope miaka zaidi ya kumi zikisubiri maji yapungue. Usilundike pale mawimbi yanapofika. Peleka juu, geuza mizizi iangalie jua. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, hivyo toroli iliyojaa itabaki kirundo kidogo sana likikauka. Na usisubiri mwezi mwingine: kwenye maji yenye rutuba, gugu hujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi.

Kabla ya kung'oa, kagua majani. Ukiona makovu meupe madogo ya milimita chache, kama mtu amekwangua kwa ukucha, hao ni fukusi, wadudu wanaokula gugu, walioletwa ziwani miaka ya 1990. Viwavi wao hutoboa vikonyo, maji yakaingia, mmea ukazama wenyewe. Hufanya kazi polepole, kwa miaka, wala huwasikii. Kwenye mwalo wenye mitumbwi, fungua njia ya kupita tu na waachie mashada mengine yenye makovu. Ukisafisha yote, umewafukuza na wao, na gugu litakalorudi na upepo wa mchana kutoka ziwani litawakuta hawapo.