Nilivyoibana gnVAT kwenye FoxPro bila kuandika mfumo mzima upya

Nimechoka na ushauri mmoja ambao kila mtu anautoa akisikia unahudumia mfumo wa Visual FoxPro, lugha ya zamani ya Microsoft ya kuandikia programu za hifadhidata: tupa hiyo kitu, andika upya. Wanaosema hivo hawajawahi kukaa na mfumo unaotoa invoisi tangu duka linafunguliwa asubuhi mpaka jioni, bei zimo, wadeni wamo, stoo imo, na mwenye duka hana mpango wa kulipa mamilioni kwa kitu ambacho kwake kinafanya kazi. Mfumo ulikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa nao ni variabo za PUBLIC, yaani zinazosomwa na kuandikwa kutoka popote kwenye programu, nimeutibu, na naeleza hapa kwa sababu najua wapo wengi wanaoteswa na kitu hikihiki.

Duka ni la jumla, lipo Kariakoo, lina tawi Unguja. Sasa VAT ya Bara ni 18% na ya Zanzibar ni 15%. Aliyeandika mfumo zamani aliweka PUBLIC gnVAT, variabo ya kiwango cha VAT, kwenye main.prg, faili linaloanzisha programu, akaipa 18, basi kila fomu na kila ripoti inasoma hapohapo. Simlaumu kabisa. Lugha hii imetokana na dBASE, programu ya hifadhidata ya miaka ya 80, na kule ukiumba variabo inaonekana na kila programu utakayoiita chini yake, ndo ulikuwa utaratibu. LOCAL, ya kuifungia variabo ndani ya utaratibu wake tu, kwenye familia ya FoxPro imekuja na Visual FoxPro 3 mwaka 1995, Microsoft wakiwa wameshainunua Fox Software tangu 1992. Mtu aliyejifunza kabla ya hapo alikuwa anashirikisha vitu kwa PUBLIC na PRIVATE, sasa angefanyaje?

Shida ilivyokuwa: mara mojamoja invoisi ya mteja wa Kariakoo inatoka na 15%. Sio kila siku. Ukifunga programu ukafungua tena inarudi 18 vizuri kabisa, kwa hiyo ukiitwa uje uangalie unakuta kila kitu kiko sawa. Dada mhasibu anakuja kugundua wakati wa kuandaa ritani ya VAT, hesabu hazikubali, na tofauti anaibeba mwenye duka.

Kabla yangu alikuja jamaa mmoja, yeye alikuwa amesoma kwamba variabo za global ni dhambi, akatafuta neno PUBLIC mfumo mzima akabadilisha kuwa LOCAL. Haya, programu ikafunguka, menyu ikatokea, kila mtu akafurahi. Kubonyeza invoisi ya kwanza tu, kosa namba 12, variabo haijapatikana! Kwa sababu LOCAL inaonekana ndani ya utaratibu uleule ulioitangaza, hata anayeitwa na main.prg haioni. Akaona dawa ni kuandika gnVAT = 18 kwenye Init ya kila fomu, yale maagizo yanayoendeshwa fomu ikifunguka. Fomu zikafunguka, ila ukibonyeza kitufe cha Hifadhi kosa linarudi, maana variabo uliyoiumba ndani ya Init bila kuitangaza ni PRIVATE ya hiyo Init na Init ikiisha inakufa nayo. Basi akaanza kufukuzana na makosa, kila kitufe kinacholalamika anakipachika gnVAT = 18 juu yake, mpaka makosa yakaisha kweli. Wiki hiyo invoisi za Unguja zote zikatoka na 18%. Wakarudisha bakapu, mzee mwenye duka akasema hataki tena kusikia habari ya fundi wa kompyuta, na nilipokuja mi ilibidi nibembeleze kwanza ndo nipewe kiti.

Nilianza na dibaga, ile ya kusimamisha programu variabo ikibadilika. Kwenye mashine yangu ilikuwa haibadiliki hata nifanye nini, na kwa mteja kuna EXE (programu iliyokwisha kujengwa) na rantaimu ya kuiendesha tu, dibaga haimo. Kwa hiyo nikahitaji kitu kitakachokaa dukani chenyewe, kimya, kimwangalie nani anaiandika gnVAT.

Na hapa ndo napataka mimi, kwa sababu sijaona mtu anapaeleza. Tangu toleo la 6 la Visual FoxPro, sifa yoyote ya objekti (thamani iliyomo ndani yake) unaweza kuiwekea methodi (utaratibu wa objekti hiyo) yenye jina lake na _Assign mwishoni, na mtu yeyote akijaribu kuiandika ile sifa, methodi inaitwa kwanza. Nikaunda klasi ya mipangilio, ndani yake sifa nVAT na nVAT_Assign. Objekti nikaiita goApp. Sasa mistari ya zamani mamia inayosema gnVAT utaifanyaje, uikimbize mmojammoja? Hapana! Unaandika kwenye faili la .h mstari mmoja, #DEFINE gnVAT goApp.nVAT, unaliingiza kwa #INCLUDE kwenye kila PRG (faili la programu), na fomu unaziwekea kupitia menyu ya Form. Unafuta ule mstari wa PUBLIC gnVAT maana hautakompailika tena, afu unajenga EXE ukiwa umetiki kukompaili mafaili yote upya, usipotiki utahangaika bure. Kompaila inabadilisha yenyewe kila gnVAT kuwa goApp.nVAT.

Ila #DEFINE haigusi kilichomo ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo EVALUATE("gnVAT") na makro za &, ambazo jina husomwa programu ikiwa inaendeshwa, zinabaki vilevile, hizo nilizitafuta kwa mkono. Na ripoti pia haizigusi, maana ripoti inapigiwa hesabu wakati inachapishwa. Hapo FoxPro ina uzuri wake, kwamba FRX, yaani faili la ripoti, yenyewe ni jedwali kama majedwali mengine. Unafanya USE kwenye FRX, kisha REPLACE ALL expr WITH STRTRAN(expr, "gnVAT", "goApp.nVAT"), sekunde chache ripoti imerekebishwa. Lugha nyingine za kisasa zinaweza hili? Kopi ya akiba weka kwanza, na ukikopi FRX lazima ukopi na FRT yake, faili mwenza wake, zikitengana ripoti haifunguki.

Ndani ya nVAT_Assign nikaandika kwa STRTOFILE saa, jina la mashine kwa SYS(0), thamani mpya, na mlolongo wa walioitana kwa SYS(16, n) nikizungusha n mpaka irudishe tupu. Nikaongeza VARTYPE, inayotaja aina ya thamani, humohumo, maana FoxPro inakubali leo variabo iwe namba kesho iwe maandishi na haikuambii neno.

Nikawaachia wafanye kazi zao. Faili lilipojaa kidogo mambo yakawa peupe. Fomu ya proforma (invoisi ya makadirio) ya Unguja ikifunguka inaandika 15, na kitufe cha Funga kwenye Click yake, maagizo yanayoendeshwa kikibonyezwa, kinaandika 18. Ila kwenye mashine moja 15 zilikuwa nyingi kuliko 18. Nikaenda kukaa na kijana wa mashine hiyo, nikamuuliza we proforma ukimaliza unaifungaje?

"Kwa hii X hapa juu kaka, ni haraka zaidi."

Basi! X haiiti Click ya kitufe. Fomu inafungwa, gnVAT inabaki 15, na invoisi ya Kariakoo inayofuata kwenye mashine hiyo inaondoka na 15 mpaka programu ifungwe. Kijana hana kosa lolote, X imewekwa ibonyezwe.

Wapo walioniambia hamisha tu ile 18 uiweke kwenye Destroy, inayoitwa fomu ikifungwa hata kwa X, yatosha. Haitoshi, maana kijana akiwa amefungua proforma na invoisi kwa pamoja bado zitagombana. Nilichofanya, fomu ya Unguja haigusi tena kitu cha wote, inasoma kiwango kutoka jedwali la matawi na kukiweka kwenye Thisform.nVAT yake yenyewe, na kila mstari wa invoisi unahifadhi kiwango kilichotumika ili ukichapisha upya baadaye kisibadilike. Afu nVAT_Assign nikaifunga, ikishapewa thamani programu inapoanza, mwingine akiandika anaandikwa kwenye faili na thamani haibadiliki. Ndo maana sikubaliani na hao wa dhambi. Kitu kusomwa na kila mtu hakijawahi kunisumbua, balaa ni kuandikwa na kila mtu, kama daftari la madeni lililoachwa kaunta na kalamu yake.

goApp bado ni PUBLIC, ndiyo, na iko peke yake, naijua.

Ukiwa kwenye usafi huo angalia na hizi mbili. Variabo ikifanana jina na safu ya jedwali lililofunguliwa, ukiisoma unapewa ya jedwali. Yaani bei = bei * 1.1 inasoma safu na kuandika kwenye variabo, jedwali halibadiliki na hakuna kosa linalotokea. Andika m.bei ukimaanisha variabo, kila mara. Na FOR i = bila LOCAL i ni hatari, programu uliyoiita ikitumia i yake inaharibu i yako uliyoko katikati ya kuzunguka. Kama una toleo la 9, weka _VFP.LanguageOptions = 1 na SET DEBUGOUT TO faili lolote, utaandikiwa kila variabo inayotumika bila kutangazwa. Kwangu orodha ilikuwa ndefu kwelikweli, naipunguza kila nikienda, zilizobaki nyingi ni za ripoti za stoo ambazo wanazichapisha mwisho wa mwaka tu.