Nashukia Makumbusho

Siku hizi asubuhi daladala ikifika kituo cha Makumbusho hapa Dar nashuka, nachapa mguu mpaka kituo cha Morocco. Kama nusu saa hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo siku tano za kazi zinatosha, jimu ya nini? Kilichonishangaza ni usingizi. Zamani nilikuwa nagaragara kitandani mpaka saa nane usiku. Sasa saa nne tu nimeshalala fofofo. Hata hasira za foleni zimepungua, maana naipita kwa miguu (wenye magari wananiangalia kwa wivu, jamani!). Mama muuza chapati pale Victoria ameshanizoea. Nikikosa siku moja, kesho yake ananiuliza: "Jana ulipanda gari, mwanangu?"