Siku moja maishani mwangu: kuteleza wima kwenye theluji

Saa nane usiku nawaamsha wageni wangu wanne, ninaowaongoza mlimani. Theluji imekaza kama saruji, na kwa kupanda ndivyo ninavyoitaka, maana kramponi, yale meno ya chuma tunayofunga chini ya viatu, zinang'ata vizuri. Kushuka ndiko kunakosubiri jua lilainishe theluji, maana tutateleza tukiwa tumesimama, kwa soli za viatu tu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kileleni. Picha mbili tatu, tunageuza.

Saa mbili tunafika juu ya mteremko wa kwanza. Mrefu, laini, mweupe pe. Mgeni mmoja tayari anafungua kramponi. Namwomba asubiri. Upande huu bado uko kivulini. Napiga kisigino, kinadunda. Kwenye theluji ngumu hivi mwendo unakushinda mara moja, na shoka la barafu, ambalo ndilo breki yetu, linaparuza tu. Tunashuka kwa hatua, saa nzima. Yule mgeni amenuna. Namwelewa, lakini sibadili neno.

Saa tatu na nusu, mteremko wa pili. Huu umepigwa na jua tangu lilipochomoza. Kisigino kinazama sentimita tano hivi. Chini naona mpaka mwisho: uwanda mpana, hakuna genge wala mawe. Nisingeuona mwisho wake, nisingeteleza, hata theluji ingekuwa nzuri vipi.

Kramponi zote zinaingia begini. Jino moja likinasa ukiwa kasi, kifundo cha mguu kinavunjika.

Natangulia. Nyayo bapa, magoti yamekunjwa, shoka mkononi. Woga hukuvuta uegemee nyuma, na ukiegemea tu, miguu inachomoka. Kazi yote iko hapo: kuusukuma mwili mbele, kuelekea kule kule unakokuogopa. Chini ya soli theluji inalia kama mchanga unaomiminwa. Kuna jiwe jeusi kushoto, nalikwepa kwa mbali. Jiwe hushika joto, theluji inayolizunguka huyeyuka kwa ndani na kuacha shimo lililofunikwa. Kusimama, nageuza miguu yote miwili ikae kingamo na kukandamiza kingo za viatu.

Wanashuka mmoja mmoja. Yule aliyenuna anaanguka katikati. Anajigeuza kifudifudi, anakandamiza ncha ya shoka kwa uzito wa kifua, kama tulivyofanya mazoezi jana, anasimama. Anainuka uso umejaa theluji, anacheka. Nimefurahi kuliko yeye.

Saa tano theluji imekuwa uji, miguu inazama hadi magotini. Theluji iliyolowa hivi huporomoka yenyewe, kwa hiyo tunahamia kwenye mgongo wa mawe.

Saa kumi jioni, kambini, nachukua darubini. Mistari mitano bado inaonekana kule juu, mmoja una doa katikati.