Somo la mapigo ya moyo

Nilikuwa na umri wa miaka 15 siku mwalimu wa baiolojia alipotufundisha kuhesabu mapigo ya moyo. Tulikaa wawili wawili. Mmoja ananyoosha mkono, mwenzake anaweka vidole viwili kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, na kuhesabu kwa dakika nzima huku mwalimu akitazama saa. Kisha kila jozi inataja namba yake, naye anaiandika ubaoni. 74. 80. 69. 82. Zamu yetu ilipofika, jirani yangu wa dawati alisita kidogo, akasema, "116."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakuandika. "Hesabuni upya," alisema, "na sitaki mzaha."

Tukahesabu upya, ikatoka 114. Hapo akaweka chaki chini, akaja kuhesabu mwenyewe. Nakumbuka vidole vyake vilikuwa vya moto juu ya mkono wangu. Akaniuliza kama nimetoka kukimbia. Nilikuwa nimekaa palepale tangu kipindi kilichotangulia. Akakigeuza kiganja changu juu, akalaza chake pembeni. Chake kilikuwa na wekundu kwenye mistari na kwenye ncha za vidole. Changu kilikuwa kimepauka chote, hata ndani ya mistari. Kisha akaivuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba, akachungulia. Hakusema lolote mbele ya wenzangu. Aliandika namba za jozi zilizobaki, akamaliza somo, na kengele ilipolia akaniambia nibaki.

Kufikia siku ile nilikuwa na sifa yangu, shuleni na nyumbani, nami nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa mvivu. Nilikuwa msichana wa kununa, wa kulala mchana, wa kujibu kwa neno moja. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, na kila ngazi zilipokata kona niliinama kama anayefunga kamba za viatu, ili wenzangu wapite nami nipate pumzi. Nikiambiwa nisome kwa sauti, pumzi iliniishia katikati ya sentensi, na mwalimu mmoja aliwahi kuniambia niache maigizo. Michezo nilikwishaiacha. Marafiki waliokuwa wakiningoja baada ya masomo wakawa wanaondoka zao. Siwalaumu, maana kila waliponialika nilisema nimechoka, na mtu akisema amechoka kila siku, mwishowe haalikwi.

Lililoniumiza kuliko yote lilikuwa kichwa changu. Nilikuwa mtoto wa kushika mambo upesi. Sasa nasoma ukurasa, nafika chini, sijui juu paliandikwa nini. Nasoma tena, vilevile. Alama zikashuka somo baada ya somo, nikaanza kuamini kwamba akili yangu ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ila zamani masomo yalikuwa mepesi. Usiku nililia kwa sababu nisizoweza kuzitaja. Mdogo wangu akinigusa tu, namfokea. Hakuna aliyesema naumwa, wala mimi sikusema, kwa kuwa ugonjwa niliokuwa nikiujua una homa, una maumivu, una siku unayoweza kuitaja kwamba ndipo ulipoanza. Huu ulikuja polepole mno, mwili ukawa unajizoeza kuishi na kidogo, kisha na kidogo zaidi.

Darasa lilipobaki tupu, mwalimu alivuta kiti akakaa karibu nami, si mbele yangu.

"Siku zako unazipata?"

"Nazipata, mwalimu."

"Zinachukua siku ngapi?"

Nikatazama sakafu. Nikasema tisa, pengine kumi.

"Na pedi, inakaa muda gani kabla hujabadilisha?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilimweleza kwamba siku za mwanzo hata saa mbili haikutimiza. Kwamba yalikuwa yakitoka mabonge. Kwamba usiku nilitandika taulo juu ya shuka na kuamka kulikagua kabla mtu hajaamka. Nilidhani kila msichana ni hivyo. Nani angemwonyesha mwenzake pedi yake ili walinganishe? Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, bila kushtuka, na kule kutoshtuka kwake ndiko kulikonipa ujasiri wa kuendelea.

Kisha akauliza, "Kuna kitu unachokitamani sana ambacho si chakula? Udongo, chaki, barafu?"

Nilimkodolea macho. Barafu. Nilikuwa natafuna barafu tangu asubuhi hadi usiku. Nyumbani niliitoa kwenye friji kipande baada ya kipande, na kitandani niliitafuna gizani hadi mdogo wangu akalalamika kwamba mlio unamnyima usingizi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, maana niliona ni kituko changu peke yangu. Alijuaje? Akanieleza kwamba mwili uliopungukiwa madini ya chuma huwa na tamaa za namna hiyo, na barafu ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Sina namna ya kueleza nafuu niliyoipata kwa kusikia tu kwamba lile jambo lilikuwa na sababu. Akaandika barua fupi, akaikunja, akaniambia nimpe mama siku hiyohiyo.

Mama aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Sikujua kama ni la kusemwa, mama."

Kesho yake tukaenda hospitali. Kwa msichana wa umri wangu, himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, inatakiwa kuwa gramu 12 kwa desilita au zaidi, na chini ya 8 huhesabiwa kuwa upungufu mkali wa damu. Yangu ilikuwa 7.6. Kulikuwa na kipimo kingine, feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini: ikishuka chini ya maikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Mimi nilikuwa na 4.

Daktari alichukua kalamu akamfanyia mama hesabu nyuma ya karatasi ya majibu. Wanawake wengi hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi moja. Ikizidi 80, hiyo ni nyingi kupita kiasi. Kila mililita huondoka na takriban nusu miligramu ya chuma. Anayepoteza 80 amepoteza miligramu 40, ilhali utumbo kwa kawaida hunyonya miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Na hizo hizo mbili, mwili wa miaka 15 unazitaka pia kwa ajili ya kurefuka, kujenga misuli na kuongeza damu ya kuujaza huo mwili mpya. Aliyapigia mstari yale mafungu mawili, la kinachoingia na la kinachotoka. Tangu nivunje ungo, kila mwezi nilikuwa natoa zaidi ya nilichoingiza.

Nikauliza habari ya moyo wangu, kwa sababu ile 116 ilikuwa imenitisha. Akasema chuma ndicho kinachoiwezesha chembe nyekundu kubeba oksijeni. Damu yangu ilikuwa inabeba kidogo, kwa hiyo moyo ulilazimika kuizungusha mara nyingi zaidi ili viungo vyote vipate haki yake. Hata nikiwa nimekaa, ulikuwa kazini.

Aliuliza pia kama hutokwa damu puani, kama fizi huvuja, kama niliwahi kung'olewa jino damu ikagoma kukata. Wapo wasichana wanaozaliwa na hitilafu ya damu kuganda, kama ile inayoitwa ugonjwa wa von Willebrand, na hedhi nzito ndiyo dalili yao ya kwanza. Nilipimwa, sikuwa nayo. Nilipimwa minyoo pia, hakuna. Kwangu ilikuwa kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo yai halitoki kila mwezi, homoni hazijapata mpangilio, ukuta wa mji wa mimba unajijenga mno na kubomoka kwa kishindo. Hilo lina dawa. Damu ya kuongezewa sikuhitaji, kwa kuwa hali yangu ilikuwa imetulia; nilipewa vidonge vya chuma na dawa ya kupunguza damu wakati wa hedhi.

Tulipokuwa tunainuka, mama alisema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani walikuwa wananiita mvivu. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, huyu mtoto si mvivu," alisema. "Ameenda shule kila siku na damu ya namna hii. Mimi na wewe tusingeweza." Mama alimwomba alirudie hilo neno, naye akalirudia.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1554 daktari wa Ujerumani aliyeitwa Johannes Lange aliandika kuhusu ugonjwa wa wasichana: wamepauka, moyo unawaenda mbio, wanaishiwa pumzi wakipanda ngazi. Nilijisoma mimi pale, na ngazi zangu. Dawa aliyoshauri ilikuwa kuozwa. Ilipita karibu miaka 300 hadi Pierre Blaud wa Ufaransa alipotangaza vidonge vyake vya chuma, mwaka 1832. Huwa nawawaza wasichana wa hiyo miaka katikati, waliotafutiwa waume kwa ajili ya kitu ambacho madini yangekitibu. Na mimi, karne hizo zote zikiwa zimepita, bado niliambiwa nijitahidi zaidi.

Vidonge havikuwa starehe. Choo kikawa cheusi, jambo nililokuwa nimeonywa lakini bado lilinishtua, kisha kikawa kigumu. Tumbo lilisokota. Daktari akanipunguzia, nikawa nakunywa siku moja, siku ya pili napumzika. Siku hizi madaktari wengi huanza hivyo tangu mwanzo, maana imeonekana kwamba dozi ya leo huufanya utumbo ufunge mlango kwa muda, na ya kesho yake hunyonywa kidogo. Nilimeza na tunda lenye vitamini C, chai nikaisogeza mbali, kwa kuwa huzuia chuma kuingia.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa barafu. Siku moja nilifungua friji nikaitazama, na sikuitaka. Nilikuwa bado nimepauka, ngazi bado zilinishinda, ila ile tamaa ilikuwa imekwisha. Kwa wengi ndivyo inavyokuwa, hukoma kabla damu haijapanda. Mwezi ulipotimia himoglobini ilikuwa 9.8. Mwalimu wa baiolojia aliniita pembeni ya mlango, akahesabu mapigo yangu pale pale, akanitajia namba akitabasamu: 84.

Kichwa kilichelewa kidogo, na nilikuwa nimekwisha kukikatia tamaa. Kisha jioni moja nilisoma kurasa kadhaa za historia, nikagundua kwamba nilikuwa nabishana na mwandishi moyoni. Ili ubishane na mtu, lazima ukumbuke alichosema mwanzo. Nilifunga kitabu nikalia, safari hii nikijua sababu. Mwaka 1996 watafiti wa Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya wasichana waliokuwa na chuma kidogo ingawa damu yao ilikuwa bado haijashuka. Waliopewa chuma kwa wiki nane walifanya vizuri zaidi katika kujifunza na kukumbuka maneno kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Yaani akili huanza kulipa kabla kipimo cha kawaida cha damu hakijaonyesha kitu. Kila nikisikia msichana anaambiwa amekuwa mzito siku hizi, hilo ndilo linalonijia.

Daktari alisisitiza kwamba nisiache vidonge damu ikishafika 12. Niendelee kwa miezi mitatu mingine, mpaka akiba ijae, la sivyo hedhi chache tu zingenirudisha nilikotoka. Ilikuwa katika mojawapo ya siku hizo za kurudi kupimwa ndipo alipomtazama mama, aliyekuwa amekaa na mikono juu ya mapaja.

"Na wewe mama, umewahi kupima?"

Mama alicheka. Alisema yeye hana tatizo, ni uzee tu unamwandama. Alikuwa na miaka 41. Daktari akamwomba anyooshe viganja, kisha akamwelekeza maabara. Majibu yakaja: 9.2.

Mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Tangu lini?" aliuliza. Daktari akamwambia hilo kipimo hakisemi. Basi akaanza kujihesabia mwenyewe, kwa sauti, kana kwamba hatukuwepo: tangu ile homa, hapana, kabla yake, tangu tulipohama, tangu mimba ya mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa.

Tulirudi nyumbani na vidonge vya watu wawili. Tulikubaliana tuvimeze pamoja jioni, kabla ya chakula, na anayesahau akumbushwe na mwenzake. Mama ndiye aliyekuwa akisahau. Vyangu alivikumbuka bila kukosa, vyake vikabaki mezani, na mimi nikawa namfuata chumba kwa chumba na glasi ya maji mpaka ameze.