Siku moja maishani mwangu: kibodi, oringi na usingizi wa mchana

Saa 11 alfajiri. Adhana ikilia, mimi nishabandika chai. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watafiti yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Kwa mkono wangu, saa moja ya sauti hula saa nne za kuchapa. Alfajiri nachapa nitakavyo kwa sababu niko peke yangu. Mke wangu ni muuguzi na wiki hii yuko zamu ya usiku.

Saa 2 asubuhi. Amerudi, miguu imemvimba. "Pole na kazi, mama." "Nishapoa." Akaoga, akanywa uji, akajilaza. Tumepanga chumba na sebule hapa Dar es Salaam, na kati ya meza yangu na mto wake kuna pazia tu. Sijamaliza ukurasa, nikasikia kitanda kinalia. Kisha sauti yake, taratibu: "Baba, hiyo mashine yako inanigonga kichwani."

Nikazima. Mtu amekesha na wagonjwa wa watu, halafu nyumbani kwake asilale kwa sababu yangu? Hapana.

Nieleze kelele yenyewe inatoka wapi, maana wengi hudhani ni ya swichi. Kibodi yangu ni ya aina ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake ndani. Swichi zenyewe ni Cherry MX nyekundu, aina isiyo na mlio wake yenyewe. Kitufe hushuka milimita 4 hadi mwisho, lakini herufi hushika kikiwa kimeshuka milimita 2. Nusu ya safari iliyobaki haina kazi, ila kidole chenye mbio hakiwezi kusimama katikati. Kinakwenda hadi chini, na pale plastiki inapogonga plastiki ndipo "tak" inapozaliwa. Ukiachia, kitufe kinaruka juu na kugonga tena, kwa sauti ndogo kidogo. Kurasa nzima za mahojiano, herufi kwa herufi, kila moja mara mbili.

Saa 4 asubuhi. Kariakoo, kwenye duka la spea, natafuta oringi: pete ndogo za raba za kuvika chini ya kila kitufe ili plastiki isigonge plastiki. Mfukoni nimebeba kifuniko cha herufi F nilichokichomoa.

"Shikamoo mzee. Nahitaji oringi ndogo."

"Marahaba, mwanangu. Za pampu au za injekta?"

"Za kompyuta."

Hakushangaa. Alikipokea kile kifuniko, akakigeuza, akakitazama kijiti cha duara kilicho chini yake, kile chenye tundu la alama ya kujumlisha linalokaa juu ya swichi. Akafungua sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, akajaribu moja, ikapwaya. Ya pili ikabana ikapinda. Ya tatu, tundu milimita 5 na unene milimita 1.5, ikaingia na kutulia. "Isicheze, wala isivutike sana. Ikivutika itakatika." Nimechukua 100. Ni raba nyeusi za kuzuia mafuta, ngumu kuliko zile laini zinazouzwa maalumu kwa kibodi, na kwangu ugumu huo ni mzuri: kidole bado kinajua kimefika.

Saa 6 mchana. Barazani, kibodi mapajani. Kwanza nilipiga picha mpangilio wa vitufe kwa simu, na wewe fanya hivyo hata kama unajiamini. Kuchomoa nimetumia klipu mbili za karatasi nilizozinyoosha na kukunja ncha zake kama ndoana: moja kushoto, moja kulia, unavuta juu moja kwa moja bila kupindisha. Oringi unaivika kwenye kijiti kwa ncha ya kidole, halafu unaisukuma hadi ndani kwa ganda la kalamu lililo tupu. Vitufe ni 87. Nilipofika cha ishirini hivi mkono ulishazoea, nikawa navika huku nikisikiliza redio ya jirani.

Nilirudisha F yenye oringi, nikaacha G bila. F: "tup". G: "tak". Nimezirudia mara nyingi kwa furaha tu. Safari ya kitufe imefupika kidogo, lakini herufi bado inashika palepale. Wapo wanaolalamika kwamba kitufe kinakuwa kama kinakanyaga sponji. Mimi vidole vyangu vimeshukuru, maana jioni huwa vinauma.

Kama swichi zako ni zile za bluu zenye mlio wa "klik", usipoteze hela. Mlio ule unatengenezwa ndani ya swichi yenyewe, kabla kitufe hakijafika chini. Oringi haiufikii.

Saa 9 alasiri. Nimerudi mezani, pazia limefungwa. Nikachapa. Mgongo wa kelele umevunjika, ila bado nasikia mtikisiko, na huo ni wa meza. Nikakunja kanga kuukuu mara nne, nikaitandika chini ya kibodi. Meza ikanyamaza. Ile sauti ndogo ya kitufe kinaporudi juu ipo bado, kwa sababu oringi imekaa chini na kule juu haina la kufanya. Nimemaliza kurasa sita, naye anakoroma.

Saa 11 jioni. Ameamka, amekaa nyuma yangu na kikombe cha chai, ananitazama nikichapa. Huyu ni mtu anayesikiliza vifua vya watu kila siku, basi akasikiliza na kibodi. "Umefanya nini? Imekuwa nzuri." Kisha akanyoosha kidole. "Ila hicho kirefu bado kinalialia."

Kweli. Kitufe cha nafasi kimelala juu ya waya wa chuma unaokishika pande mbili, na waya ule unacheza kwenye vishikizo vyake. Oringi hailitibu hilo; linataka grisi kidogo.

Saa 1 usiku. Nimemsindikiza hadi kituoni. Nimerudi na kijiti cha kibiriti, nimechovya kwenye grisi niliyoomba kwa fundi pikipiki wa hapa mtaani, na kile kirefu kiko mezani, kimelala chali.