Godoro limebonyea katikati: tatizo lilikuwa kwenye chaga

Godoro la sponji, futi 5 kwa 6, unene inchi 8, lilikuwa linazama usawa wa kiuno na mgongo unauma asubuhi. Kuligeuza kulisaidia siku chache tu. Blanketi lililokunjwa chini yake nalo likabonyea. Kulianika juani hakukazi sponji. Jua kali hulichakaza.

Kabla ya kununua jingine, lilaze sakafuni usiku mmoja. Likizama hata hapo, sponji limekwisha, hakuna fundi wa kulifufua. Hili halikuzama, kwa hiyo nikageukia kitanda.

Vuta uzi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, juu ya chaga. Katikati zilikuwa zimeshuka karibu inchi nzima, tena zimepachikwa mbalimbali. Nilitumia chaga 13 za mbao kavu ya inchi 1 kwa 3, mwanya usiozidi inchi 3, kila moja skrubu mbili kila upande (misumari hulegea na kupiga kelele). Chini yake nikapitisha boriti ya 2 kwa 3, iliyosimamishwa kwa ubavu mwembamba, yenye mguu katikati.

Mguu huo ndio uliomaliza kazi. Mwanzoni haukugusa sakafu, ulibaki mwanya wa unene wa kadi, na boriti ikaendelea kupinda. Nikachomeka kabari chini ya mguu mpaka ikabana, bila kuigonga kwa nguvu, maana ikizidi chaga zinanyanyuka katikati. Uzi ukilala sawa, rudisha godoro.

Plaiwudi nzima inafaa pia, ila itoboe matundu ya hewa, maana pwani godoro huota ukungu upande wa chini.