Ndururu wa Uvunguni

Mtoto wa mbwa niliyemchukua mwezi wa Machi alikuwa na jina kabla hajawa wangu. Mama aliyekuwa akimlea kwa muda huko Ongata Rongai, nje kidogo ya Nairobi, kwa niaba ya kikundi cha kuokoa wanyama, aliwapa watoto wote wanne majina ya sarafu za zamani: Shilingi, Sumuni, Peni na, yule mdogo kuliko wote, Ndururu. Walipatikana wakiwa na umri wa takriban majuma matano chini ya kontena la kinu cha kusagia mahindi, mama yao akiwa amegongwa na gari. Watatu walipata makao upesi. Ndururu alibaki kwa sababu kila mgeni alipoinama kumwangalia, alijibanza nyuma ya debe la maji na kujikojolea. Sitasema kwamba nilimchagua kwa huruma. Nilichelewa kufika, na yeye ndiye aliyekuwa amesalia.

Kabla ya kunikabidhi, Mama yule alinisomea daftari ambamo alikuwa ameandika, siku baada ya siku, Ndururu amekula kiasi gani, choo chake kimekuwaje, dawa ya minyoo alipewa lini, chanjo mbili za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zilichomwa tarehe gani, na katika ukurasa wa mwisho, vitu anavyoviogopa: ufagio, sufuria ikianguka, mvua juu ya mabati, na mwanamume aliyevaa gambuti. “Mwanangu,” aliniambia, “huyu usimshike. Wewe keti tu, atakuja mwenyewe.” Kisha akanitilia katika katoni leso ambayo mbwa alikuwa akiilalia, haijafuliwa kwa makusudi, ili harufu ya nyumba ile imsindikize.

Nilisikia maneno hayo, lakini sikuyashika. Ndururu alipofika kwangu aliingia uvunguni mwa kitanda na kukaa humo siku mbili, akitoka usiku tu kunywa maji. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda; nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono, nikamvuta kwa ngozi ya shingo. Aliniuma kidole cha shahada hadi damu ikatoka. Alikuwa na majuma kumi na moja, na chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa bado hajachomwa, kwani daktari wa mifugo alikuwa akingoja atimize miezi mitatu. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, kwa hiyo nilisimama mferejini dakika 15 nikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nikaenda zahanati kuanza sindano. Mbwa naye aliwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, kwa kuwa mbwa mwenye virusi mateni wakati wa kuuma huugua au kufa ndani ya muda huo. Hakuugua, akachomwa chanjo yake. Mimi niliwaambia watu kwamba nilikatwa na kisu cha jikoni.

Kuanzia siku ya nne nilibadili mwenendo. Kila jioni niliketi sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani na uso nimeuelekeza dirishani, bakuli la omena zilizochemshwa bila chumvi nimeliweka nyuma yangu, nikasoma gazeti kwa sauti ya chini, kwa sababu kule Rongai alizoea kusikia wajukuu wakisoma vitabu vya shule. Jioni ya kwanza hakutoka. Ya pili nilisikia kucha zikigonga saruji, kisha kimya, kisha ulimi ukilamba bakuli haraka haraka kama mwizi. Jioni ya sita, nikiwa katika habari ya bei ya mahindi, pua yenye ubaridi iligusa kisigino changu. Sikugeuka. Niliisoma aya ile ile mara tatu, mguu umekufa ganzi, naye akalaza kidevu juu ya kisigino na kushusha pumzi.

Katika siku hizo nilijifunza pia kumtazama. Kulamba pua pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana pembeni: hayo yote nilidhani ni uchovu, kumbe anaomba asisogelewe.

Kilichonisumbua zaidi ni kalenda. Mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na vitu vigeni kwa wepesi zaidi kati ya juma la 3 na takriban juma la 14, ilhali chanjo za parvo humalizika karibu na juma la 16, na virusi vya parvo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Nikisubiri chanjo, muda wa mazoea unapita. Nisiposubiri, huenda nikamzika. Daktari akanishauri nimtoe nje bila kumshusha chini. Basi Ndururu alizungushwa mtaani ndani ya kiondo cha marehemu nyanya yangu, kichwa tu kikichungulia, akaona pikipiki, wauza mboga na watoto wa shule, nami nikawa kichekesho cha foleni ya dukani. Jirani mmoja aliniuliza mwoga kama huyu atalinda nini. Swali hilo huniudhi hadi leo, kana kwamba mbwa hana haki ya kula mpaka abweke.

Aliyebaki kuogopwa ni mzee wa lango letu, ambaye huvaa gambuti kiangazi na masika. Nilimwomba, kila apitapo, amdondoshee omena moja bila kumtazama, aendelee na safari yake. “Yaani mimi nimlipe mbwa ushuru wa kupita?” aliniuliza, lakini aliulipa, majuma matano mfululizo. Juzi nilimkuta Ndururu amelala usingizi mzito kibandani mwake, paja limelalia gambuti la kushoto, na mzee amekaa wima hathubutu kuinuka kufungua lango, gari likipiga honi nje.

Jioni ile nilimpigia simu Mama wa Rongai kumweleza. Alicheka sana, akauliza kama anakula. Nikamjibu kwamba anakula vizuri.

“Na ufagio?”

“Ufagio bado, Mama. Nafagia akiwa amelala.”